Mtandao wa Polio Usiishie kwenye Polio

Kila mwaka, katika nchi yetu, hutokea watoto ambao miguu yao hulegea ghafla pasipo kuanguka wala kuumia. Juzi mtoto alikuwa akicheza. Leo hawezi kusimama. Wataalamu wa afya huiita hali hii ulemavu wa ghafla wa tepwetepwe, na kila zahanati imeagizwa kuitolea taarifa mara moja, kwa kuwa huenda ikawa polio. Agizo hilo ni la busara na limewakinga wengi. Hata hivyo liko swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: majibu ya maabara yakirudi na kusema kwamba virusi vya polio havikuonekana, mtoto yule aliyelegea anakuwa mgonjwa wa nani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtandao uliojengwa kwa ajili ya polio unaweza kuwafaa pia wagonjwa wa maradhi mengine ya mishipa ya fahamu, ambayo ni adimu lakini yanatibika, na kwamba kuuacha ukafifia mara polio itakapokwisha ni hasara kubwa.

NJIA YA KUTOKA VUGA

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mtoto wa miaka 10 anayeishi Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kilindi katika milima ya Usambara. Wiki mbili zilizopita aliharisha kwa siku chache, akapona. Sasa anasema nyayo zinamchoma na kufa ganzi. Siku ya pili anajikwaa kila apandapo kilima kurudi nyumbani. Siku ya tatu hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Homa hana, na akili zake ni timamu.

Jamaa hukaa wakashauriana. Yuko atakayesema ni malaria iliyoingia miguuni. Mwingine atakumbuka sindano aliyochomwa mtoto alipokuwa akiharisha, na hatakuwa amesema neno la ajabu, maana sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipostahili huweza kweli kuumiza mshipa mkuu wa fahamu wa mguu. Wengine watauliza ni nani mwenye kinyongo na nyumba ile, kwa sababu maradhi yanayopanda kutoka nyayoni kuelekea kifuani, tena bila homa, hayafanani na maradhi ya kila siku. Hakuna sababu ya kuwacheka. Wanatafuta maelezo, na hakuna aliyewapa mengine yaliyo bora.

Mtoto akifikishwa zahanati, mhudumu aliyefunzwa atajaza fomu. Sampuli mbili za kinyesi zitachukuliwa katika muda wa siku 14 tangu ulemavu uanze, zikipishana kwa saa 24 au zaidi. Zitawekwa katika chombo chenye barafu na kupelekwa katika maabara maalumu ya polio. Katika Afrika Mashariki maabara za namna hiyo ziko Entebbe na Nairobi. Safari hiyo imepangwa vizuri, ina ratiba yake na watu wake, na gharama yake imekwisha kutengwa. Safari ya mtoto mwenyewe haikupangwa na mtu yeyote. Huenda akapelekwa hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli. Akizidiwa atateremshwa kwa barabara ya Soni hadi Mombo, na hapo jamaa zake watakata shauri: washike njia ya kwenda hospitali ya Bombo mjini Tanga, au ile ya kwenda hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Nauli ni yao, na siku zinazopotea ni za mtoto.

Kwa hiyo hutokea jambo la kushangaza: kinyesi cha mgonjwa hufika kwa bingwa kabla ya mgonjwa mwenyewe.

MAFANIKIO YASIYOPASWA KUSAHAULIWA

Haki itendeke kwa mtandao huu kabla haujakosolewa. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza vita dhidi ya polio, inakadiriwa kuwa watoto 350,000 walikuwa wakipoozeshwa na ugonjwa huo kila mwaka duniani. Tanzania ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa imetokomeza ugonjwa huo. Ulinzi haukulegezwa, na ilionekana kwamba haukupaswa kulegezwa: mwaka 2022 polio ya asili ilitangazwa nchini Malawi, jirani yetu, na mwaka 2023 virusi vya polio vitokanavyo na chanjo viligunduliwa mkoani Rukwa.

Msomaji na atazame namna ubora wa ulinzi huo unavyopimwa. Mtandao huhesabiwa kuwa uko hai iwapo, kati ya kila watoto 100,000 walio chini ya umri wa miaka 15, unagundua kwa mwaka angalau mtoto 1 mwenye ulemavu wa tepwetepwe usiotokana na polio. Maana yake ni kwamba watoto wasio na polio ndio kipimo cha uhodari wa mtandao. Wanahesabiwa, na hesabu yao huandikwa katika taarifa. Kisha, kwa walio wengi, jalada hufungwa. Mtu hawezi kudai kwamba hawajulikani waliko. Wanajulikana kwa majina na vijiji vyao.

MWILI UNAPOJISHAMBULIA

Ni maradhi gani basi yaliyomo katika kundi hilo la wasio na polio? Yapo mengi, lakini mojawapo ya yale makubwa ni ugonjwa wa Guillain-Barré. Jina hilo ni la madaktari wawili wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain na Jean-Alexandre Barré, ambao pamoja na mwenzao André Strohl waliwaeleza, mwaka 1916, askari wawili waliolegea viungo na baadaye wakapata nafuu. Mwaka huohuo vita hivyohivyo vilikuwa vimefika Usambara, na mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, ukaingia mikononi mwa Waingereza.

Chanzo chake ni mchochota, yaani ule uvimbe unaotokea askari wa mwili wanapopigana. Kwa kawaida askari hao hupigana na adui. Hapa hupotea shabaha. Mara nyingi mgonjwa huwa ameugua kuhara au mafua katika wiki chache zilizotangulia. Bakteria mmoja anayesababisha kuhara, aitwaye Campylobacter jejuni, ambaye huenea kwa nyama ya kuku isiyoiva, maziwa mabichi na maji machafu, ana gamba lenye mafuta na sukari zinazofanana na zile zilizomo katika ngozi ya mishipa ya fahamu. Kingamwili zinazotengenezwa kumwangamiza bakteria huyo huweza kuushika mshipa wa fahamu kana kwamba nao ni bakteria.

Mshipa wa fahamu waweza kulinganishwa na waya wa umeme. Ndani mna uzi unaopitisha ujumbe, na nje pana gamba la mafuta liitwalo mayelini. Kwa wagonjwa wengine linaloharibiwa ni gamba, na ujumbe hupungua kasi au kukatika. Gamba huweza kujengeka upya baada ya wiki au miezi. Kwa wengine unaoharibiwa ni uzi wenyewe, na hapo kupona huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Uzi uliokatika hukua kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Mwanafunzi na apime urefu wa mguu wake kutoka nyongani hadi kidoleni, kisha afanye hesabu: milimita 900 ni siku 900, karibu miaka miwili na nusu. Hii ndiyo sababu mgonjwa asikatiwe tamaa mapema.

Hatari kubwa haiko miguuni. Udhaifu hupanda, na katika siku chache au wiki chache, zisizozidi nne, hufikia kilele. Kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya wanne hushindwa kupumua kwa nguvu zake mwenyewe. Anayesaidiwa na mashine katika siku hizo huweza kupona na kutembea. Asiyesaidiwa hufa akiwa na fahamu zake zote.

NYUNDO, HESABU NA SINDANO

Wako wanaosema kwamba magonjwa ya namna hii ni ya hospitali kubwa zenye mashine za picha, na kwamba zahanati ya mlimani haina la kufanya. Kauli hiyo si sahihi. Dalili za kwanza za kutofautisha hupatikana kwa nyundo ndogo ya mpira.

Goti la mtu mzima wa afya likigongwa chini ya kifuu, mguu hurushwa mbele. Ujumbe umetoka kwenye mshipa wa paja, umefika uti wa mgongo, umerudi. Katika ugonjwa wa Guillain-Barré njia hiyo imeharibika, na kwa kawaida mguu hautikisiki. Katika maradhi mengine mguu huruka kupita kiasi, ishara kwamba kosa liko juu zaidi, katika uti wa mgongo au ubongo.

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu thamani ya tofauti hiyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walianza kupooza miguu ghafla. Miguu yao haikuwa tepwetepwe. Ilikakamaa, na magoti yaliruka mno. Madaktari na wachunguzi wa vyakula, miongoni mwao William Howlett, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, walitambua kuwa ugonjwa huo ni konzo, ambao ulikwisha kuelezwa nchini Kongo mwaka 1938. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kuondolewa sumu vya kutosha, katika mwaka ambao chakula kingine kilikuwa haba. Tiba ya konzo haimo katika chupa ya dawa. Kinga yake imo katika kuanika, kuloweka na kula mchanganyiko wa vyakula. Familia mbili zaweza kuleta wagonjwa wawili kwa maneno yaleyale, kwamba miguu imekataa, na nyundo ya mpira ikawatenga.

Kipimo cha pili hakihitaji hata nyundo. Mgonjwa huambiwa avute pumzi mara moja, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, kwa mwendo wa tarakimu mbili kwa sekunde. Mtu mzima mwenye afya huvuka 20 kwa urahisi. Aliyefika 30 jana na leo akaishia 15 yumo hatarini, hata kama bado anazungumza na kucheka. Kadhalika asiyeweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto aangaliwe kwa makini, maana misuli ya shingo na ile ya kupumua aghalabu hudhoofika pamoja. Mgonjwa wa aina hiyo asafirishwe kabla hajaanza kutweta.

Kipimo cha tatu ni cha hospitali: kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano, kazi ambayo madaktari wamekuwa wakiifanya tangu 1891. Katika ugonjwa wa Guillain-Barré maji hayo huwa na protini nyingi lakini chembe chache, ingawa wiki ya kwanza yaweza kuonekana ya kawaida.

Kutofautisha huku ni msingi wa tiba yenyewe. Uko ugonjwa mwingine wa mchochota, ambao hushambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo. Ulielezwa na Mfaransa Eugène Devic mwaka 1894, na kwa miaka mingi ukachanganywa na magonjwa mengine, mpaka mwaka 2004 ilipogunduliwa kingamwili yake, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa hushambulia milango ya maji katika chembe za ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa wake huweza kupofuka, kupooza miguu na kushindwa kukojoa. Huyo anahitaji dawa za jamii ya kotisoni kwa wingi na kwa haraka. Lakini dawa hizohizo, zilipojaribiwa katika ugonjwa wa Guillain-Barré, hazikuleta faida, na zile za vidonge zilidhaniwa hata kuchelewesha nafuu. Kumpa kila aliyepooza dawa moja kwa matumaini kwamba itafaa ni kucheza bahati nasibu kwa mwili wa mtu mwingine.

TIBA NA BEI YAKE

Tiba mbili zimethibitishwa kuufaa ugonjwa wa Guillain-Barré. Ya kwanza, ambayo faida yake ilionyeshwa kwa majaribio katika miaka ya 1980, ni kuondoa plazma, yaani maji ya damu yaliyobeba kingamwili potofu, na kumrudishia mgonjwa chembe zake. Ya pili, iliyothibitishwa mwaka 1992, ni imunoglobulini inayotiwa mshipani. Kiasi chake ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, hugawanywa kwa siku tano. Mtoto wa kilo 25 anahitaji gramu 50. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 120. Dawa hii hutengenezwa kwa damu ya maelfu ya watu waliojitolea, na bei yake haiwezi kulipwa na mkulima wa viazi na kabichi wa Usambara, wala na jirani zake wakichanga.

Je, mjadala uishie hapo? Bangladesh, nchi isiyo tajiri, haikuuachia hapo. Mwaka 2018 madaktari wa Dhaka walitangaza matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 20: badala ya mashine ya gharama kubwa walitumia mifuko na mirija ya kawaida, wakatoa damu kidogo kidogo, wakaiacha itulie mpaka chembe zikashuka chini, wakaitupa plazma na kuzirudisha chembe. Jaribio hilo lilionyesha kuwa jambo hilo linawezekana kwa usalama na kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya imunoglobulini. Halijathibitisha kwamba njia hii ni sawa kwa nguvu na zile mbili. Uchunguzi mkubwa zaidi unahitajika. Lakini limefungua mlango ambao nchi kama yetu ina sababu zote za kuuingia.

Aidha isisahaulike kwamba nusu ya tiba ni uuguzi: kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda, kumlisha bila kumpalia, kupima mapigo ya moyo na msukumo wa damu, kunyoosha viungo kila siku, na kumwambia ukweli kwamba wengi hupona. Haya yanawezekana Bumbuli kama yanavyowezekana London.

HOJA ZA WANAOSITA

Hoja ya kwanza ya wanaosita ni kwamba ugonjwa huu ni nadra, na fedha ni chache. Malaria, kifua kikuu na vifo vya uzazi havijakwisha. Kwa nini kuhangaika na wachache? Hoja hii inastahili jibu la tarakimu. Katika nchi ambako umehesabiwa vizuri, ugonjwa wa Guillain-Barré humpata mtu 1 au 2 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania milioni 61.7. Ikiwa kadiri ya hapa ni hiyohiyo, basi ni wagonjwa 600 hadi 1,200 kila mwaka, na katika Mkoa wa Tanga peke yake, wenye watu zaidi ya milioni 2.6, ni 26 hadi 52. Hao wangejaza wodi moja, na baadaye darasa moja la shule. Na wengi wao ni watu ambao, wakivushwa salama katika wiki nne, hurudi kulima, kusoma na kulea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: wahudumu wa zahanati wamekwisha kuelemewa na fomu. Ni kweli. Ndiyo maana haipendekezwi fomu mpya. Mgonjwa amekwisha kuandikwa katika fomu ya polio, na miongozo inataka baadhi ya watoto hao wachunguzwe tena baada ya siku 60. Kinachohitajika ni kwamba ziara hiyo ya pili iwe ya kumtibu mtoto pia.

YAFANYIKE NINI

Mapendekezo ni manne. Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya kiwe na nyundo ya mpira, na kila mhudumu afundishwe kuitumia pamoja na hesabu ya pumzi moja. Pili, taarifa ya ulemavu wa ghafla imfungulie mgonjwa mwenyewe njia ya rufaa siku ileile inapofungulia njia sampuli zake. Na majibu yakirudi, yarudi hadi kwa wazazi, yakiwa na jina la ugonjwa na si neno "si polio" pekee. Wenye umri wa zaidi ya miaka 15 nao waingizwe, kwani mchochota hauchagui umri. Tatu, hospitali ya rufaa moja katika kanda ya kaskazini, yenye mashine za kupumulia na ushirikiano na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ijaribu njia ya gharama nafuu ya kuondoa plazma chini ya uangalizi wa kisayansi, na itangaze matokeo yake, yawe mazuri au mabaya. Nne, waganga wa jadi, ambao jamaa wengi huwaendea kwanza, waelezwe dalili za hatari na waheshimiwe kama watoa taarifa, kama miongozo ya polio inavyokwisha kuwahesabu.

Hayo yote yafanywe sasa. Fedha nyingi za mtandao huu hutoka nje na zimefungwa kwa jina la polio. Siku polio itakapotangazwa kuwa imekwisha duniani, fedha hizo zitapungua, na chombo cha barafu, fomu na mtu aliyezoea kupanda milima ya Vuga kumtafuta mtoto aliyelegea vitapungua pamoja nazo. Kujenga upya mtandao uliovunjika ni ghali kuliko kuupa kazi ya pili ulio hai.

Walimu wa baolojia wana nafasi yao. Somo la mfumo wa fahamu linaweza kufundishwa kwa goti la mwanafunzi aliyekaa mezani miguu ikining'inia, na kwa darasa zima kuhesabu kwa pumzi moja na kuandika tarakimu zao ubaoni. Kijana aliyewahi kuona goti la mwenzake likiruka atashangaa siku atakapoona la ndugu yake haliruki. Na siku hiyo atajua kwamba mgonjwa anapaswa kuteremshwa Mombo leo, asingoje kesho.